Geji za ziada kwenye Hilux ya dizeli: kwanza jua sensa itakaa wapi

Msomaji wa Mafinga ameniandikia hivi: "Fundi, nina Hilux ya kabini mbili, injini 1KZ-TE, nimeinunua imetumika kutoka Afrika Kusini. Mwenye nayo wa kwanza alishabadilisha silinda hedi. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Dar na mzigo wa duka. Nikiwa katikati ya mlima wa Kitonga, mshale wa joto umetulia katikati kama siku zote, mara ukaruka hadi kwenye nyekundu ndani ya dakika moja. Niliwahi kusimama. Sasa nimenunua geji tatu: ya joto la maji, ya joto la ekzosi na ya presha ya turbo. Mdogo wangu anajua umeme kidogo. Je, tunaweza kuzifunga wenyewe nyumbani? Tuanze na ipi, na namba zipi ni salama?"

Mnaweza, ndugu yangu, na nakuomba msicheleweshe. Injini hiyo ni nzuri sana ila haisamehe joto. Hedi yake, yaani kichwa kinachofunika silinda, ni ya alumini na bloku ni ya chuma, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Ikichemsha vibaya mara moja tu, hedi inapinda au inapata ufa katikati ya vali. Hedi ya kwanza ya gari lako bila shaka iliondoka kwa njia hiyo.

Mshale wako haukuharibika. Geji ya kiwandani kwenye Toyota nyingi za miaka ile imetengenezwa makusudi ikae katikati kwa tofauti ya zaidi ya digrii 20, ili dereva asihangaike kila akipanda kilima. Maji yalikuwa yanapanda joto tangu Ruaha Mbuyuni, na mshale ukakaa kimya mpaka uvumilivu wake ukaisha. Ile dakika moja uliyoiona ilikuwa mwisho wa jambo lililoanza robo saa kabla.

Kwa hiyo anza na geji ya maji. Ya ekzosi ifuate. Ya turbo, ile pampu ya hewa inayozungushwa na moshi, ikae mwisho, hata kama ndiyo inayopendeza zaidi kuitazama. Na kabla ya kugusa waya wowote, tafuta kwanza kilichochemsha gari lako: rejeta iliyoziba, feni yenye klachi iliyochoka, mfuniko wa rejeta usioshika presha, au mapovu yanayotokea kwenye maji injini ikiwaka, ambayo ni dalili ya gasketi au hedi. Geji haiponyi kimojawapo cha hivyo.

Sasa nikueleze jambo ambalo watu wengi hulikosea hata wakiwa na geji ya bei kubwa. Geji hukueleza hali ya mahali sensa yake inapogusa, basi. Miaka michache iliyopita niliipokea pikapu moja iliyovutwa kwa kamba. Ilikuwa na geji nzuri ya maji, yenye namba, iliyofungwa kwa usafi. Bomba dogo la hita lilipasuka njiani, maji yakamwagika yote. Dereva aliniambia kwa uchungu kwamba alikuwa anaitazama geji, na namba zilikuwa zinashuka. Zilishuka kutoka 92 hadi 70, akafurahi, akakanyaga mafuta zaidi. Sensa ilikuwa kwenye bomba la juu la rejeta, na maji yalipoisha ilibaki inaning'inia hewani. Hewa haiipashi moto kama maji yanavyoipasha. Hedi ilikuwa inaungua huku sensa ikipoa. Tulipoifungua tukakuta nyufa katikati ya vali kwenye silinda tatu.

Geji uliyonunua huenda imekuja na kipande cha alumini cha kuunganisha kwenye bomba la juu la rejeta, chenye tundu la sensa. Ni njia rahisi na inafaa kwa kazi ya nyumbani. Pima kipenyo cha ndani cha bomba lako kabla ya kukata, maana kipande kikilegea hata kidogo kitavuja kwenye presha. Kata bomba mahali penye kipimo sawa pande zote mbili, kaza kwa klipu za skrubu, na elekeza sensa ubavuni au chini kidogo, isitazame juu ambako povu la hewa hujikusanya. Kisha kumbuka ethi. Sensa ya waya mmoja hutegemea mwili wake kugusa chuma cha injini ili umeme urudi. Kwenye bomba la mpira haigusi chuma popote, kwa hiyo kile kipande cha alumini lazima kifungwe waya wake wa ethi hadi kwenye bolti ya injini. Ukisahau, geji itasoma sifuri au itacheza ovyo, na utakwenda kuirudisha dukani ikiwa nzima.

Halafu ongeza kitu cha pili, ambacho si ghali: sensa ya joto la chuma. Ni kipete kidogo kinachobanwa chini ya bolti kwenye hedi yenyewe, karibu na mahali maji yanapotokea, na kina kengele ndani ya kabini. Hicho hakijali kama maji yapo au yameisha, kinapima chuma. Kama ungekuwa bado hujanunua chochote, ningekwambia nunua hicho kwanza. Chagua bolti ndogo ya pembeni, ya breketi au ya kifuniko. Bolti kubwa zinazoshika hedi usiziguse hata moja.

Ukimaliza, jaza maji pamoja na kulanti taratibu, gari likiwa limeinuka mbele, hita imefunguliwa kwenye moto. Acha injini iwake mpaka bomba la hita lipate joto na mapovu yakome. Hewa iliyobaki ndani ya hedi baada ya kazi kama hii inaweza kuleta ule ufa uliokuwa unaukwepa.

Kabla ya kufunga geji ya maji, ijaribu jikoni. Unganisha geji na betri mezani, tumbukiza ncha ya sensa kwenye sufuria ya maji, mwili wake ukiwa umefungwa ethi, uchemshe. Lakini usitegemee kuona 100. Mafinga iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na huko maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Geji ikionyesha kati ya 92 na 96, ni nzima. Watu wa nyanda za juu wamezitupa geji nyingi nzuri kwa kutolijua hili. Ndani ya rejeta ni habari nyingine: mfuniko mzima hushika presha, na maji yenye kulanti hupita 100 mbali kabla ya kuchemka. Ndiyo maana mfuniko uliochoka ni hatari zaidi kwako wewe wa Mafinga kuliko kwa mtu wa Dar.

Namba za maji: kati ya 80 na 92 ni maisha ya kawaida. Ukipanda mlima na mzigo, 95 hadi 98 siogopi, mradi irudi chini ukifika tambarare. Kengele iweke 100. Ikifika 105 simama pembeni, acha injini iwake bila mzigo, washa hita na feni yake kwa nguvu zote, na usiguse mfuniko. Ikiendelea kupanda hata ukiwa umesimama, zima. Na namba ikianza kushuka ghafla huku unapanda mlima na gia haijabadilika, usifurahi kama yule dereva: simama uangalie maji.

Tuje kwenye joto la ekzosi, kazi inayotaka subira kuliko zote. Sensa yake huitwa themokapo, na nyingi ni za aina ya K: nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, na joto likizipata huzaa volti ndogo sana. Kwa sababu hiyo waya wake si waya wa kawaida. Ukiwa mfupi, usiurefushe kwa waya wa shaba wa redio, kwa sababu kila kiungo cha metali nyingine kinapotosha kipimo. Nunua waya wa themokapo wa aina ileile, au sogeza geji. Ukiwa mrefu, ukunje vizuri mahali pa baridi, usiukate kabla ya kusoma karatasi ya mtengenezaji. Ukigeuza chanya na hasi, utaona ajabu: unakanyaga mafuta, namba zinashuka. Hapo badilisha nyaya pande, hakuna kilichoungua.

Mahali pake pa kweli ni kwenye manifoldi ya ekzosi, pale moshi wa silinda zote nne unapokutana kabla ya kuingia kwenye turbo, ncha ikifika katikati ya njia. Hapo ndipo pana joto lenyewe. Tatizo ni kutoboa. Vumbi la chuma likibaki ndani, kituo chake cha kwanza ni mapanga ya turbo, yanayozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Kuna watu wanaotoboa injini ikiwaka ili moshi usukume vumbi nje, au wanaopaka grisi kwenye ncha ya drili na kutumia sumaku. Nimeona wengi wakifanikiwa. Hata hivyo kwenye gari la mtu mimi sifanyi hivyo, na nyumbani kwako sikushauri. Fungua manifoldi. Najua nati zake zina kutu. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, na tena asubuhi, zifungue injini ikiwa na uvuguvugu, na uwe na gasketi mpya mkononi kabla ya kuanza. Kisha peleka manifoldi kwa fundi wa leisi akutobolee. Kwa thredi ya 1/8 NPT (kipimo cha Kimarekani), ambayo ndiyo hutumika zaidi, drili huwa ya milimita 8.5 hadi 8.7, halafu inafuata tapu ya kukata thredi. Hiyo ni thredi inayokwenda ikijibana, kwa hiyo tapu isizamishwe yote. Ijaribiwe na kifungio chenyewe kila baada ya mizunguko miwili. Osha manifoldi, ipulize kwa upepo, pitisha kidole ndani, ndipo irudi kwenye gari. Kwenye thredi hiyo paka grisi ya shaba. Thredi tepu nyeupe ya mabomba ya maji itaungua siku ya kwanza.

Kama kufungua manifoldi kunakushinda, basi weka sensa baada ya turbo, kwenye bomba linaloshuka. Unachomelea nati pale, vumbi halina kitu cha kuharibu mbele yake, na ncha ya sensa hata ikikatika siku moja haitaliwa na turbo. Unachopoteza ni ukweli kamili. Injini ikiwa na mzigo, moshi huwa umepungua digrii 100 hadi 200 baada ya kupita kwenye turbo, na tofauti hiyo haitulii. Ni afadhali kipimo hicho kuliko kukosa kabisa, ila andika kwa kalamu kwenye geji kwamba ni cha baada ya turbo, ili atakayeendesha kesho asijidanganye.

Kwa sensa iliyo kabla ya turbo, mimi hujiwekea mpaka wa nyuzi 700 kwa mwendo wa kuendelea. Dakika nzima juu ya hapo sikubali. Kwa iliyo baada ya turbo, mpaka wangu ni 500. Huko kwenu hewa ni nyembamba, injini inapata oksijeni kidogo kwa dizeli ileile, kwa hiyo usishangae kuona joto la ekzosi likipanda haraka zaidi kuliko kwa wenzako wa pwani. Uzuri wa geji hii ni wepesi wake. Maji huchukua dakika kadhaa kukuonya, ekzosi hukuonya ndani ya sekunde chache. Kitonga ukiiona 680 na inapanda, rudisha gia moja chini, punguza mguu, acha injini izunguke kwa wepesi, na utaiona inashuka mbele ya macho yako. Madereva wengi hung'ang'ania gia kubwa na kukandamiza mafuta wakidhani wanaipumzisha injini, kumbe wanaipika.

Geji ya turbo haina mambo mengi. Pata presha kutoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, kwa tii ndogo, yaani kiungo cha njia tatu. Kwenye 1KZ-TE kuna bomba jembamba linalokwenda kwenye sensa ya presha ya turbo, ambayo kompyuta huitumia kupima dizeli. Unaweza kuweka tii hapo, lakini likivuja, kompyuta itadhani hakuna presha na itabana mafuta, gari litakuwa zito. Funga kwa klipu, usiachie msuguano wa mpira peke yake. Siku ya kwanza gari likiwa zima, panda kilima unachokijua, andika presha ya juu kabisa uliyoiona. Hiyo ndiyo namba yako. Ikipungua miezi ijayo, tafuta bomba la hewa lililopasuka. Ikizidi, vali ya kupunguzia presha ya turbo imekwama.

Hukuuliza presha ya oili, lakini siku ukiiongeza usikubali geji ile ya bomba la plastiki linaloleta oili yenyewe ndani ya kabini. Likikatika utamwagiwa oili ya moto miguuni ukiwa unaendesha. Chukua ya umeme, na uangalie thredi: tundu la swichi ya oili kwenye Toyota ni la 1/8 BSPT (kipimo cha Kiingereza), lenye thredi 28 kwa inchi, wakati sensa nyingi zinazouzwa ni NPT, thredi 27. Zinaingiana mizunguko miwili mitatu kama ndugu, kisha zinaharibu tundu la bloku. Tumia kiunganishi sahihi. Sensa nzito usiitundike juu ya tii ya shaba kwenye bloku, mtikisiko utaikata. Ipeleke pembeni kwa bomba laini lililosukwa kwa waya, kisha uipe ethi yake. Vitabu vya Toyota kwa injini nyingi za dizeli za rika hili vinataka angalau kPa (kilopaskali) 29 injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, na imepata moto, na takriban 250 hadi 590 kwenye mizunguko 3,000.

Upande wa umeme, huu ndio wa mdogo wako. Aanze kwa kufungua hasi ya betri. Kabla ya hapo apime kama mfumo ni wa volti 12, kwa sababu baadhi ya magari ya dizeli yaliyotoka Japani yana 24, na geji ya 12 haitaishi humo hata sekunde. Umeme wa geji autoe kwenye fyuzi inayowaka ufunguo ukiwa ON na kubaki hai wakati wa kupiga stata. Ile ya redio hukatika wakati wa stata, geji zitakuwa zinajizima na kuanza upya. Aweke fyuzi ya amperi 3 au 5 ya geji peke yake. Fyuzi ya kompyuta ya injini aiache, na waya wowote wenye ganda la njano asiuguse, ni wa mifuko ya hewa.

Ethi ya geji zote tatu iende sehemu moja, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi king'ae. Malalamiko mengi ya geji inayocheza ukiwasha taa nimeyamaliza kwa msasa peke yake. Na sensa zinazopata ethi kwa thredi zake zisizungushiwe thredi tepu kama bomba la maji la nyumbani. Mzunguko mmoja mwembamba, ukiacha thredi za mwanzo wazi, unatosha.

Kupita kutoka kwenye injini kuingia kabini, tumia tundu la kiwandani lenye mpira wake, ambamo kundi kubwa la nyaya limepita. Ukilazimika kutoboa jipya, weka mpira pembezoni mwa tundu. Chuma kitupu hukata ganda la waya kidogo kidogo kwa mtikisiko, na utalijua hilo miezi sita baadaye usiku, kwa harufu. Nyaya zote za upande wa injini zivae mrija wenye mikunjo, zikae mbali na turbo na manifoldi, na zifungwe kila baada ya kiganja kimoja. Viungo vibane kwa koleo la vishikizo au lehemu, kisha mpira wa kusinyaa kwa moto. Kusokota waya na kuzungushia utepe mweusi si kiungo.

Geji zenyewe ziweke kwenye nguzo ya kioo cha mbele upande wako au juu ya dashibodi, ilimradi zisizibe barabara. Ya maji na ya ekzosi ziwe karibu na macho. Ya turbo hata ikikaa chini si neno. Ukitaka taa zake zipungue pamoja na za dashibodi, jua kwamba kwenye Toyota nyingi kipunguza mwanga hukaa upande wa hasi, kwa hiyo ukipeleka hasi ya taa kwenye bodi zitawaka kwa nguvu moja siku zote. Usiku wa Kitonga mwanga huo unachosha macho, tafuteni waya wake kwa mita.

Tengeni siku mbili, moja ya manifoldi na ya pili ya maji na umeme. Safari ya kwanza iwe fupi na bila mzigo, ukirudi fungua boneti ukague kila kiungo kwa mkono na kwa tochi. Siku utakapopanda Kitonga na mzigo, ukifika juu na kutaka kusimama Ilula, usizime injini papo hapo. Tazama geji ya ekzosi, acha injini iwake mpaka ishuke karibu na 200, ndipo uzime. Oili inayozunguka kwenye turbo kwa dakika hizo mbili tatu ndiyo inayoipoza shafti yake.